MacBook Air M1 ya GB 8 au ThinkPad T480 ya kuongezea RAM? Naomba ushauri

Mizania: Wakuu, habari za leo. Nina milioni 1.5, mashine zote mbili ni used. Kazi zangu ni Excel nzito za hesabu za duka na kuedit picha za harusi kwa Lightroom, na umeme wa kwetu ndio hivyo tena. Mac ni ya 2020, RAM GB 8, diski GB 256. T480 ni i5, RAM na diski kama hizo hizo. Muuzaji anasema T480 naweza kubadilisha kila kitu. Nichukue ipi?

bisibisi_ndogo: Hilo la "kila kitu" limetiwa chumvi. Prosesa ya T480 imechomelewa kwenye bodi, haibadiliki. Vinavyobadilika ni RAM, diski, betri, kioo, kibodi na kadi ya Wi-Fi. RAM ina nafasi mbili za SODIMM DDR4, yaani vipande vya RAM vya laptop. Lenovo, watengenezaji wake, wanataja mwisho GB 32, ingawa 64 inasoma. Kwa Lightroom, GB 8 inabana, na kwenye Mac hiyo utabaki nayo hadi siku unaiuza.

Dukani, bonyeza F1 wakati inawaka. Ikidai nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), iache hapo hapo. Nyingi zilitoka maofisini, na nenosiri la msimamizi haliondoki kwa kuchomoa betri ya BIOS. Angalia pia namba ya prosesa: ianze na 8, mfano i5-8250U. Kuna T480 zilizotoka na kizazi cha 7, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Kapasita: Naongezea upande wa Mac. SSD yake, yaani diski, nayo imechomelewa, na data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ya M1. Bodi ikifa, kuhamisha chipu za diski kwenda bodi nyingine hakukupi picha zako. Na SSD ya ndani ikifa, mashine haiwaki hata kwa diski ya nje. Ukiichukua, nunua na diski ya bekapu siku hiyo hiyo. Mwambie muuzaji aifute kabisa, muiwashe upya ikiwa kwenye intaneti: ikidai Apple ID ya mtu au ikitaja usimamizi wa kampuni, si yako hiyo.

mwanga_wa_saa_kumi: Wote mmesahau kioo! T480 nyingi zina kioo hafifu, nyingine 1366x768 kabisa. Rangi ya ngozi ya bibi harusi utaipatia kwa kubahatisha. Air ina 2560x1600 na rangi pana za P3. Kwa picha peke yake ningesema Mac, ila iwe ya GB 16.

Mizania: Ya 16 inapita bajeti. Excel yangu inatumia Power Pivot, ile zana ya kuchambua data nyingi.

bisibisi_ndogo: Basi umejijibu, Excel ya Mac haina Power Pivot. Chukua T480, uweke GB 8 mbili au 16 mbili. Jozi inaipa grafiksi ya ndani kasi kuliko kipande kimoja. Picha ziangalie kwenye monita ya nje ya IPS, aina ya kioo chenye rangi nzuri.

Kabla ya kufungua: BIOS, Config, Power, Disable Built-in Battery. Kisha toa chaja na betri ya nyuma. Usipozima hiyo ya ndani, bodi bado ina umeme na RAM unaichomeka kwenye moto. Skrubu za chini hazitoki kabisa, zinalegea tu, usizilazimishe. Ukishaifunga, chomeka chaja ndipo iwake.

Kapasita: Na kabla ya yote hayo, sasisha firmware (programu ya ndani) ya Thunderbolt, chipu inayoendesha mlango wa USB-C. Ya mwanzo inaharibu mlango wa USB-C. Lenovo walitoa marekebisho 2019, na used nyingi hazijawekewa.

Mizania: Umeme ukikatika, betri ya nyuma naweza kubadilisha ikiwa imewaka?

Kapasita: Ndiyo, ya ndani inashikilia. Hakikisha tu nayo ni nzima: chomoa chaja na betri ya nyuma hapo hapo dukani, uone kama inabaki imewaka.