Nyumba ya mawe na ekari 11 Mufindi: ninunue, au macho yamenipumbaza?

Muuguzi Mstaafu, Uyole

Kamwene wote. Mimi naishi Uyole, lakini nimezaliwa Mufindi, kwenye laini za wachuma chai. Kiinua mgongo kimeingia mwaka huu. Wanangu wanataka nijenge fremu za kupangisha Mbeya mjini, ila mwenzenu roho iko kwingine.

Ukichepuka Nyololo kuelekea Igowole, halafu ukaingia ndani kama dakika arobaini kwa bodaboda, kuna nyumba ya mawe ya walowezi inauzwa. Naifahamu tangu utoto. Mama alikuwa ananituma kupeleka mayai, napokelewa mlango wa jikoni, nalipwa, naondoka. Mlango wa mbele nimeupita mwezi uliopita kwa mara ya kwanza, nina miaka sitini na moja.

Kuta ni nene, nimepima kwa mkono, dhiraa nzima. Sebuleni sakafu ni ya mbao, na ile sehemu ya kuwashia moto bado ipo na bomba lake la moshi. Jikoni sakafu nyekundu. Bati lina kutu lakini ni zito, siyo haya ya kukunja kwa mkono. Nje wamepiga plasta ya simenti na rangi ya maziwa, inaonekana ni ya juzijuzi. Ndani kuna harufu kama ya stoo ya viazi, na rangi imevimba malengelenge hadi usawa wa goti, upande unaotazama mlima. Kuna mipichi mizee, mikaratusi, chemchemi chini bondeni.

Wanauza ndugu wanne, baba yao alifariki. Bei milioni 85 kwa ekari 11. Dalali amenionyesha karatasi ya Kiingereza yenye muhuri mwekundu, anasema, "Mama, hii ni hati ya milele." Bondeni niliona wazee wawili wanapalilia mahindi, dalali akasema ni vibarua wameazimwa shamba.

Naomba ushauri wa mtu anayejua nyumba za mawe. Na karatasi pia.

Fremu Kwanza

Mama shikamoo. Jenga fremu. Baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba na magoti ya mstaafu haviendani. Hata wanunuzi wa parachichi wanaokuja huko wanalala Mafinga mjini.

Fundi Mawe, Makambako

Shikamoo mama. Huyo wa fremu muache, magoti yanatibika kwa moto wa sebuleni. Mimi kazi yangu ni hizi nyumba, nimefungua kuta zake nyingi kuanzia Njombe hadi Iringa, nikuambie kilichomo.

Nyingi hazikujengwa kwa simenti. Mawe yamepangwa kwa udongo, penye pesa wakatumia chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka, ndivyo umeishi miaka yote hiyo. Sasa mwenye nyumba anaona mawe yamechakaa, anaita fundi wa matofali ya bloku, anampigia plasta ya simenti nje nzima. Inapendeza kwenye picha. Lakini simenti ikipata ufa wa uzi tu, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Yanashuka kati ya mawe, yanalainisha udongo, yanatafuta njia upande wa ndani. Hayo malengelenge yako ya goti ndiyo hayo. Huko Mufindi kwenye ukungu, ukuta haupati hata nafasi ya kukauka.

Na umesema ni upande wa mlimani. Nakisia udongo umeporomoka miaka na miaka ukaegemea ukuta, mpaka ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Angalia hilo. Kama ni kweli, dawa ya kwanza ni jembe: fukua udongo ushuke chini ya sakafu, chimba mtaro wa kupeleka maji pembeni, weka gata kwenye bati. Hiyo ni kazi ya vibarua wa wiki moja.

Halafu chukua nyundo ndogo ugonge plasta. Ikitoa mlio mfu, imeshikana. Ikilia kama ngoma, imeachia na nyuma yake kuna maji au udongo uliolegea. Simama kwenye kona, shusha timazi, ule uzi wenye uzito chini, uone kama ukuta umetoa tumbo. Mwenye timazi hadanganywi na rangi. Ufa wa kufuata viungo vya mawe kwa ngazi usikutishe sana, upake plasta kidogo juu yake, andika tarehe, ukirudi uone kama imekatika. Ufa mpana juu kuliko chini, kwenye kona, huo ni msingi unaondoka, hapo shusha bei au ondoka.

Sakafu ya mbao: ng'oa ubao mmoja tu karibu na ukuta wenye unyevu, uangalie mchwa na miti ya chini. Wakikukatalia kung'oa ubao, umeshajibiwa.

Bati zito ni mali. Siku hizi watu wanaezeka geji 30, bati jembamba, hayo ya zamani ukisugua kutu na kupaka rangi yanakuzika. Ila kama sehemu yoyote ni yale mabati ya kijivu ya asbesto, usiruhusu mtu ayavunje wala kuyakata, vumbi lake linaharibu mapafu. Wewe muuguzi unajua.

Mstaafu wa Masijala

Dada, pole na hongera kwa kustaafu. Nilikaa na majalada ya ardhi miaka mingi, nitajibu la karatasi.

Hiyo "hati ya milele" iweke fremu utundike juu ya hiyo sehemu ya moto, itapendeza. Umiliki wa milele wa wakoloni ulifutwa mwaka 1963, ukageuzwa ukodishaji wa serikali, na mwaka 1969 ukawa haki ya kumiliki kama tunavyoijua. Nyumba nyingi za Wajerumani wa huko zilishapita mikono hata kabla ya hapo, maana vita vilipoanza 1939 mali zao ziliwekwa chini ya mdhamini wa mali za adui. Kwa hiyo karatasi ya muhuri mwekundu inaeleza historia, haielezi mwenye ardhi leo. Chukua namba ya hati ya sasa, kama ipo, nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina, ukubwa, miaka iliyobaki, na kama kuna benki imeshikilia. Uliza pia kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini.

Lakini kilichonishtua kwenye maelezo yako ni mahindi. Kibarua aliyeazimwa shamba hapalilii kwa raha mbele ya mnunuzi. Mashamba mengi ya walowezi yaliyoachwa yaligawiwa wanakijiji wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua migao ya kuanzia 1970 hadi 1977. Kama baba wa hao wazee alipewa bonde hilo na kijiji, ni lao, na hao ndugu wanne hawana cha kukuuzia hapo. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji bila dalali. Na kama sehemu ni ardhi ya kijiji, wewe wa Uyole huwezi kuinunua bila ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji.

Chemchemi nayo: mita 60 kutoka chanzo cha maji huruhusiwi kulima wala kujenga. Kwa hiyo hata kwenye ekari utakazopata, toa hizo.

Binti wa Tukuyu

Ndugu wanne, ila barua ya usimamizi wa mirathi anayo nani? Sisi tulimlipa kaka mkubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa anapokea simu. Mwaka wa tatu sasa tuko Baraza la Ardhi na Nyumba na dada yao ambaye hatukuwahi kumuona. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ndiye asaini, na wengine wote waandike wamekubali.

Muuguzi Mstaafu, Uyole

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki mbili.

Nilikwenda peke yangu, na mayai trei moja, maana sikujua niende na nini. Mmoja wa wale wazee akanitambua kwa sura ya mama yangu. Tukakaa kwenye tuta, akanieleza: baba yake alipewa lile bonde 1974, walipohamishwa kutoka huko juu, na mwenzake vilevile. Mwenyekiti akafungua daftari, majina yapo. Bonde ni ekari nane. Nyumba na kilichoizunguka, mipichi yote ikiwemo, ni ekari tatu, na hizo zina hati. Upekuzi umeonyesha jina la marehemu, hakuna benki, pango halijalipwa miaka tisa.

Barua ya usimamizi anayo dada yao, wa tatu kuzaliwa, anaishi Songea. Nimempigia mwenyewe. Hakujua kwamba kaka zake wanauza ekari 11, alijua ni tatu. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema atakuja.

Fundi wa Makambako, udongo upande wa mlima uko juu ya sakafu kwa kiganja kimoja na nusu. Plasta inalia ngoma ukuta mzima wa nyuma, kona ziko sawa. Ubao nimeng'oa, mchwa hakuna, unyevu tu. Nimewaambia milioni 30 kwa zile tatu, wao wako 45.

Jumamosi huyo dada anafika. Kama una nafasi mwanangu njoo na timazi yako, nauli na chakula juu yangu. Mvua ikinyesha siku hiyo ndiyo vizuri, tuone maji yanapita wapi. Na wewe wa fremu, karibu, nitakuwashia moto.