Mwigizaji akicheza maisha ya mwanamuziki, aimbe mwenyewe au achezeshe midomo?

Wakuu, juzi nimerudia sinema mbili, zote za 2004. Kwenye Ray, Jamie Foxx ndiye Ray Charles. Kinanda anapiga mwenyewe, kope kabandikwa zisifunguke, ila nyimbo nyingi unazosikia ni sauti ya mzee Charles. Akabeba Oscar. Kwenye Beyond the Sea, Kevin Spacey ndiye Bobby Darin, mwimbaji wa Kimarekani. Hii ilikuwa ndoto yake ya miaka mingi: kaongoza, kashiriki kuandika, nyimbo kaimba yeye. Sinema ikadoda.

Mimi nasema Spacey alikosea. Kuimba anajua, tena vizuri, hapo simpunji. Lakini Darin aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, moyo ukaharibika, akafa 1973 akiwa na miaka 37. Aliimba kama mtu anayefukuzana na saa. Haraka ile huipati kwa mtu mzima wa miaka 45 mwenye afya zake. Tazama tu anavyomtongoza Sandra Dee, mwigizaji aliyekuja kuwa mke wa Darin: Darin halisi alikuwa na 24, huyu unaona baba mkwe kajipaka rangi nywele. Mnaobisha, karibuni.

— Mkuu, umechanganya umri na sauti. Sissy Spacek alimcheza Loretta Lynn, mwimbaji wa country, mwaka 1980, nyimbo kaimba mwenyewe, na Oscar akabeba. Hapo utasemaje? Mtu akichezesha midomo mimi naona karaoke yenye bajeti.

— Nyie endeleeni na Wamarekani wenu. Mimi nawaza siku mtu atakapojitokeza kumcheza Bi Kidude. Lile koo lililokula sigara miaka na miaka, wakati huohuo linajaza ukumbi bila kipaza sauti, utalitoa wapi? Tafadhali achezeshe midomo, sauti tuachieni ya bibi.

— Naunga mkono hapo kwa Bi Kidude.

— Mleta uzi narudi. Spacek nakubali, kanishika pabaya. Ila Lynn alikuwa hai na ndiye aliyemchagua Spacek. Hata Ray Charles alikuwa hai wakati sinema yake inarekodiwa. Darin alikuwa amekufa miaka thelathini, nani alimuuliza?

— Kumbe shida yako ni ruhusa, si sauti! Basi badilisha kichwa cha uzi, tuanze upya.