Pipi ngumu za mnanaa za kina bibi: mbona zinakuwa chenga au kunata?

Mlambamwiko:
Wadau, nataka zile pipi za mistari za kwenye mkebe wa bibi. Kipimo: sukari gramu 400, maji mililita 150, maji ya limau kijiko cha chai, mafuta ya mnanaa. Mkupuo wa kwanza umekuwa chenga kama mchanga. Wa pili umetoka safi, kesho yake pipi zote zimeshikana bonge moja. Kosa liko wapi? Na ule mstari mweupe ni rangi gani?

Shiranzito:
Chenga kwanza. Punje moja ya sukari ikibaki ukutani mwa sufuria kisha ikadondokea ndani, shira nzima huifuata. Tia shira ya glukosi gramu 150, maji punguza hadi 120. Koroga kwa moto mdogo mpaka punje ziyeyuke zote. Ikianza kuchemka, mwiko weka kando, usiurudishe tena. Funika dakika 2 au 3, mvuke utaosha kuta wenyewe.

Ukiwa na glukosi, limau halina kazi. Tindikali ikichemka muda mrefu huvunja sukari kupita kiasi, na sukari iliyovunjika hupenda sana unyevu wa hewani. Ndiyo inayonata.

Kipimo Kwanza:
Limau ni nusu ya kesi tu. Joto lilifika ngapi? Lengo ni 150°C. Ukiipua kwenye 140 maji bado yamo, pipi itang'ang'ania meno. Ikipita 160 inageuka kahawia na kuanza uchungu. Kipimajoto kijaribu kwenye maji yanayochemka: kikisoma 97, lengo lako ni 147. Kama huna, dondosha tone kwenye maji baridi. Likikatika "ta!" kama kioo, tayari; likipinda kwanza, bado.

Mnanaa usiutie jikoni, utaondoka na mvuke. Ipua, mapovu yatulie, ndipo utie nusu kijiko cha chai. Uso weka mbali, ule mvuke unachoma macho.

Mvutapipi:
Mstari mweupe si rangi, ni hewa. Mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta. Ukingo ukianza kuinuka kwa kisu bila kutiririka, kata robo, vaa glavu zinazohimili joto, vuta, kunja, vuta tena, mpaka ing'ae kama hariri. Robo tatu zilizobaki, tia rangi upendayo, zikae kwenye oveni ya 90°C zisigande. Bandika nyuzi nyeupe juu ya gogo la rangi, viringisha, vuta liwe jembamba, kata kwa mkasi uliopakwa mafuta. Geuza gogo robo mzunguko kila ukatapo, utapata umbo la mto wa kulalia.

Zikipoa kabisa, funga moja moja kwenye karatasi ya nta, kisha chombo kisichopitisha hewa. Friji hapana, zikitoka zinatoa jasho. Hata za mkebe wa bibi zilishikana, ndiyo maana mkebe uligongwa mezani kabla ya kufunguliwa.

Mlambamwiko:
Kipimajoto kilisoma 150 kamili, ila ncha ilikuwa imegusa kitako cha sufuria.

Kipimo Kwanza:
Basi ulipima sufuria, si shira. Kitako kina moto zaidi, kwa hiyo uliipua mapema. Ncha ielee katikati ya shira. Sufuria ikiwa pana mno shira inakuwa kina kidogo na ncha haizami. Tumia nyembamba yenye kina.