Tupeane uzoefu: ulimjuaje bata dume na jike kabla hawajakua?

Mfugaji wa Kibaha: Wakuu, salaam. Leo nimemkuta jirani anashusha boksi la vifaranga vya bata, kaambiwa ni majike watupu. Bado wana malaika ya njano mwili mzima! Nimekumbuka mengi. Mliofuga, mlijuaje dume na jike mapema? Kila mmoja aje na chake.

Mzee wa Bwawa: Sikiliza sauti. Hawa weupe wa pekini, kwenye wiki ya sita hadi ya nane jike anaanza kwak kwak ya wazi, mtaa mzima unamsikia. Dume sauti inamkauka, anakwaruza tu kama mwenye mafua. Namshika mmoja mmoja namtenga na wenzake. Jike akishikwa hanyamazi. Hapo hapo namfunga uzi wa rangi mguuni, maana ukimwachia tu wanachanganyikana.

Sharifa Unguja: Kweli kabisa. Sauti haijanidanganya.

Kandambili: Hiyo ni kwa hao weupe. Hawa wenye nyama nyekundu usoni hawapigi kwak hata wazeeke. Dume anafoka hhhh kwa pumzi, jike anatoa kisauti chembamba. Hao tazama mwili: kati ya waliototolewa siku moja, dume anawaacha wenzake haraka, miguu minene, kichwa kipana. Wakikomaa dume anapita kilo 4, jike yuko kwenye 2 na kitu. Mkia usihangaike nao, dume wa aina hii hana unyoya wa kujikunja kama dume wa pekini.

Binti Rufiji: Mmenigusa penyewe. Niliagiza bata kumi kwa muuzaji mmoja wa mnadani, makubaliano madume wawili na majike wanane, hela nikalipa yote. Wakaota mabawa, banda zima ni kukwaruza. Baada ya miezi mitatu mikia ikaanza kujikunja, huyu leo, yule kesho. Jike alikuwa mmoja. Mmoja jamani! Simu ya muuzaji haipatikani.

Walipokomaa ndipo kimbembe. Yule jike akienda kunywa maji wanamfuata, akijificha nyuma ya pipa wanamtoa. Kisogo kikanyonyoka, ngozi ikabaki wazi na vidonda juu yake. Nikamfungia kwenye tenga. Siku moja mchana mtoto akamwonea huruma, akamfungulia akaoge. Karai lenyewe maji hayafiki goti. Nasikia purukushani, natoka, nakuta mmoja kamng'ata kisogo kamzamisha kichwa, mwingine juu, wengine wanasukumana pembeni. Nikawatawanya kwa ufagio. Kumwinua, shingo imelegea, maji yanamtoka mdomoni. Na alikuwa na yai, nilimpapasa tumboni nikalihisi, gumu, la kutaga kesho yake. Nililia pale pale uani.

Kijana wa Manzese: Bata amuue bata mwenzake? Dada, hapo kuna kicheche. Madume msiwasingizie.

Binti Rufiji: Kicheche mchana kweupe, nami nimesimama pale?

Mzee wa Bwawa: Kijana, usibishie usilolijua. Bata hupenda kupandana majini, na jike ndiye anayekuwa chini. Madume wakiwa wengi hapati nafasi ya kuinua kichwa. Ndiyo maana dume mmoja anawekewa majike wanne hadi sita.

Kijana wa Manzese: Nimefuga kuku tangu niko shule, sijaona hayo.

Sharifa Unguja: Kuku hawaogi majini, mwanangu.

Kandambili: Na madume wa ziada msiwachanganye na hao kuku. Dume la bata lina uume unaotoka nje, jogoo hana. Akimpanda mtetea anamuumiza ndani. Pole sana dada. Lakini tisa kwa moja si bahati mbaya. Huyo muuzaji alijua kuchagua, majike akabaki nao.

Mama Pumba: Bibi yangu alitumia pete kwenye uzi juu ya kifaranga. Ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume.

Wa Kisumu: Sisi huku tuliambiwa ikizunguka ni dume.

Mama Pumba: Basi pete za Kisumu zina mambo yake!

Mifugo Mstaafu: Wekeni pete vidoleni. Kifaranga wa siku moja anajulikana kwa kufunguliwa tundu la haja kwenye mwanga mzuri, uume mdogo wa dume unachomoza. Ila uonyeshwe kwanza na mtu mwenye mkono uliozoea. Pale ni laini mno, ukibinya vibaya unamchana kifaranga na anakufa.

Wa Kisumu: Kwa wale wa rangi ya porini, mimi naangalia mdomo. Wadogo wote ni kahawia, lakini mdomo wa dume unaanza kuwa na ukijani mapema, wa jike unabaki na uchungwa na madoa meusi meusi. Kichwa cha kijani kinakuja baadaye.

Mfugaji wa Kibaha: Na kwa hawa weupe, nikisubiri mkia?

Mzee wa Bwawa: Unyoya unajikunja kwenye miezi mitatu, minne. Ukiuona, ni dume. Usipouona usiape: akibadilisha manyoya unadondoka kwa muda, na muuzaji mwenye njaa anaweza kuung'oa asubuhi kabla hujafika. Mfanye apige kelele.

Mfugaji wa Kibaha: Jirani nimemsomea yote. Amempigia muuzaji, wamekubaliana atakayekwaruza atabadilishwa. Nimemwambia waandikishiane.

Kandambili: Waandikishiane leo, kabla simu haijazimwa.

Kijana wa Manzese: Binti Rufiji, wale madume uliwafanyaje?

Binti Rufiji: Wanane waliuzwa sikukuu ya Idd. Mmoja nimebaki naye, na majike watano niliowanunua wakubwa, nimewaona kwa macho wakitoka kwenye kiota. Sasa wanaatamia.

Kijana wa Manzese: Vifaranga vikitoka niwekee vinne, majike.

Binti Rufiji: Miezi miwili ikipita njoo uwasikilize mwenyewe. Kabla ya hapo siuzi jike kwa mtu.

Sharifa Unguja: Na mimi niwekee.