MX-5 ya mkononi, nicheki nini kabla ya kulipa?

Wakuu nimepata Mazda MX-5 (kale kagari kadogo ka viti viwili, paa la kukunja) toleo la kwanza, zile za 1989 hadi 1997 zenye taa za kuchomoza, injini 1.6, bodi inang'aa balaa. Nicheki nini?

Jibu 1: Achana na kung'aa mkuu, lala chini na tochi uangalie bodi chini ya mlango kuelekea tairi la nyuma, kuna vitundu vya kutolea maji ya paa, vikiziba uchafu maji yanakaa ndani na kutu inakula kimyakimya kutokea ndani, ukiona pamepakwa rangi mpya hapo tu ujue kuna kitu. Inua na kapeti, kama mbichi kimbia.

Jibu 2: Taiming belti (mkanda wa injini unaozungusha mfumo wa valvu) inabadilishwa kama kila km 100,000, ila kwenye 1.6 ikikatika valvu hazigongi pistoni, gari inazima tu.

Muulizaji: Na paa? kioo cha nyuma ni plastiki kimefifia

Jibu 1: Hicho kinabadilishika, fungua zipu yake kabla hujalaza paa kisije kikapasuka. Kutu ndo ishu.

Jibu 3: Kama mrefu kaa ndani kwanza bana 😂