Ulinganisho: Paka aliyebadilika tabia ghafla, tuanze na daktari, mazingira, feromoni au dawa ya kutuliza?

Kibarazani (mleta mada)

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninaomba tulinganishe njia za kumsaidia paka wangu dume wa miaka 6, aliyehasiwa tangu akiwa mdogo, ambaye kwa wiki mbili sasa amekuwa kama si yeye. Tunamwita Kunguru kwa weusi wake. Hakuwahi kukojoa nje ya sanduku lake la mchanga, lakini sasa amekojoa mara nne kitandani na mara moja juu ya nguo zilizokwisha kufuliwa. Juzi jioni, paka jike tunayemfuga pamoja naye, Pamba, alipopita karibu na dirisha, Kunguru alimrukia hadi manyoya yakatapakaa sakafuni, nami nilipoinama kuwaachanisha akaniuma kwenye kifundo cha mkono. Hawa wawili wamelala kikapu kimoja kwa miaka 4.

Nimeshauriwa mambo mengi yasiyolingana. Wapo wanaosema nianze kwa daktari wa mifugo, wengine niongeze masanduku ya mchanga na kuwatenga, wengine nichomeke ukutani kile kifaa cha kutoa feromoni (harufu ya kumtuliza paka), na mmoja amesisitiza kwamba dawa ya kutuliza ndiyo itakayomaliza jambo hili upesi. Jirani yangu naye amesema nimsugue pua kwenye mkojo wake na kumchapa. Ningependa kujua ipi itangulie, ipi isubiri, na ipi niiache kabisa.

Kliniki Mlangoni

Pole sana, ndugu mleta mada. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya mifugo, na kabla ya ulinganisho wowote ninaomba uangalie jambo moja leo hii: Kunguru akiingia sandukuni, mkojo unatoka? Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na ikiziba kwa fuwele au kamasi, sumu ambazo figo zingezitoa hubaki mwilini, potasiamu hupanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, anayelia akiwa sandukuni, anayelamba sehemu zake za siri bila kupumzika au anayetapika, hasubirishwi hadi asubuhi.

Ikiwa mkojo unatoka, bado daktari ndiye wa kwanza, ingawa si kwa mbio za usiku. Paka huficha maumivu kwa ustadi mkubwa, na mara nyingi tunachokiita utundu ndiyo dalili pekee anayoionyesha. Jino lililooza humfanya ang'ate mkono unaomgusa shavuni. Maumivu ya viungo humfanya ashindwe kuruka ukingo wa sanduku, akajisaidia kando yake. Kisukari na ugonjwa wa figo humfanya anywe maji mengi, na sanduku lililomtosha jana likawa chafu mno kwake leo. Kwa paka wa umri wa Kunguru ninakifikiria kibofu kwanza. Daktari atahitaji kipimo cha mkojo, kukipapasa kibofu na pengine picha ya kuangalia mawe, na utamsaidia sana ukiandika tarehe, mahali na kiasi cha mkojo wa kila tukio.

Tena usilidharau jeraha lako. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani, kisha ngozi hufunga juu ya vijidudu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uonwe hospitalini, na uwaeleze kama paka amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa kubadilika tabia ghafla ni miongoni mwa dalili za ugonjwa huo kwa mnyama asiyechanjwa.

Mwenye Paka Watatu

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu mpangilio, lakini ninaogopa kosa ambalo nimeliona kwa wafugaji wengi: vipimo vikirudi safi, mtu huhitimisha kwamba paka ni mkorofi, na hapo uchunguzi unakufa. Ndugu Kibarazani, umeandika kwamba shambulio lilitokea jioni, karibu na dirisha. Ningekaa dirishani hapo kwa jioni tatu mfululizo, nikitazama anachokitazama yeye. Paka akimwona paka mgeni nje ya kioo, hasira humpanda na haina pa kwenda, hivyo humwangukia aliye karibu, awe paka mwenzake au mguu wako. Msisimko huo unaweza kudumu kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, na aliyeshambuliwa naye huanza kumwogopa mwenzake kwa sababu asiyoielewa.

Tofautisha pia kukojoa na kuweka alama. Anayeweka alama husimama, mkia ukiwa wima na ncha yake ikitetemeka, na hurusha mkojo kidogo kwenye ukuta au pazia. Anayekojoa huchuchumaa na kuacha dimbwi mahali palipo bapa. Kwa dume ambaye hajahasiwa, kumhasi hupunguza sana kuweka alama. Kunguru amekwisha kuhasiwa, na kitanda na nguo ni vitu bapa na laini, kwa hiyo ningeelekea zaidi kwenye kibofu chenye maumivu au sanduku asilolipenda.

Kuhusu sanduku, kanuni ya kawaida ni moja kwa kila paka na moja la ziada, kwa hiyo paka wawili, masanduku matatu, na yasipangwe pamoja kwenye kona moja, maana paka huyahesabu kuwa sanduku moja. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya mwili wa paka. Mchanga usiwe na manukato. Mmoja wa paka wangu alikataa sanduku siku ileile nilipoleta mchanga wenye harufu ya maua. Nilimtazama akiweka mguu mmoja ndani, akautoa, akaukung'uta mara tatu, kisha akaenda kwenye mkeka. Niliporudisha mchanga wa zamani, alirudi sandukuni kabla sijamaliza kuumwaga. Mahali palipokojolewa safisha kwa dawa yenye vimeng'enya, yaani inayovunjavunja mabaki ya mkojo, kwa sababu sabuni ya kawaida humridhisha binadamu tu, na usitumie chochote chenye amonia, kwani mkojo wenyewe una harufu hiyo.

Usiku Mwema

Ninaandika kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nilipitia njia isiyo sahihi. Paka wangu wa miaka 14 alianza kulia usiku kucha kwa sauti nzito, akizunguka nyumba nzima. Nilinunua kifaa cha feromoni, nikabadilisha kichupa mwezi baada ya mwezi, nikaona angalau anakula vizuri. Kumbe kula sana huku akikonda ndiyo ilikuwa dalili yenyewe: tezi ya shingoni ilikuwa ikitoa homoni kupita kiasi, jambo linalowapata paka wengi waliovuka miaka 10, na shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Baada ya kuanza dawa ya tezi alitulia ndani ya wiki chache. Ile miezi ningeirudisha kama ingewezekana.

Hata hivyo sisemi kwamba feromoni hazina kazi. Kinachotoka kwenye kifaa ni nakala ya harufu ambayo paka huiacha anaposugua shavu lake kwenye kiti au mlango, na baadhi ya paka hutulia. Matokeo ya tafiti yanatofautiana, kwa hiyo ningekihesabu kuwa msaada wa pembeni tu, kiwekwe kwenye chumba anachokaa zaidi na kisifichwe nyuma ya kabati.

Dawa ya kutuliza ni jambo zito zaidi. Fluoksetini, kwa mfano, mara nyingi huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla hujaona tofauti ya kweli, haikatizwi ghafla, na hutolewa na daktari aliyekwisha kumpima paka. Kwa hiyo anayekuambia kwamba dawa ni njia ya haraka amekosea. Ina nafasi yake pale ambapo hofu imezidi kiasi kwamba paka hawezi kujifunza chochote kipya, na hata hapo hutumika pamoja na mabadiliko ya mazingira. Tafadhali usimpe paka kidonge cha binadamu kwa kukisia. Parasetamoli, hata kidogo, inaweza kumuua paka.

Kliniki Mlangoni

Niongeze neno kuhusu ushauri wa jirani, kwa sababu hakuna aliyeugusa. Kumchapa paka au kumsugua pua hakumfundishi kwamba kitanda si mahali pa kukojoa. Kunamfundisha kwamba wewe ni hatari, naye atakojoa usipomwona. Ikiwa kibofu chake kinauma, mfadhaiko huo unaweza kukizidishia uvimbe.

Kibarazani (mleta mada)

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Mkojo ulikuwa unatoka, kwa matone, na wenye rangi ya waridi. Daktari amekuta uvimbe wa kibofu usio na bakteria wala mawe, akanieleza kwamba kwa paka wa umri huu aina hiyo mara nyingi huendana na mfadhaiko. Amempa dawa ya maumivu na kunishauri nimwongezee maji na chakula chenye majimaji. Mkono wangu umetibiwa, na chanjo ya Kunguru haijapita muda.

Kisha nilikaa dirishani. Jioni ya pili, kiza kikianza kuingia, paka mkubwa wa rangi ya majivu alipanda juu ya ukuta, akaketi akitutazama. Kunguru hakulia. Alijikunyata chini, masikio yakalala, mboni zikajaa jicho zima, na mkia ukawa unapiga sakafu taratibu. Nimebandika karatasi ya kuzuia kuona nje kwenye nusu ya chini ya kioo, nimeongeza masanduku mawili, na Pamba sasa yuko chumba cha pili na vyombo vyake mwenyewe. Kifaa cha feromoni nitakifikiria baadaye, na daktari anaona dawa ya kutuliza haihitajiki kwa sasa. Ninawarudishaje pamoja?

Mwenye Paka Watatu

Usifungue mlango kwa sababu tu wewe umewahurumia. Badilishana matandiko yao kila siku ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake, kisha walishe pande mbili za mlango uliofungwa, bakuli zikiwa mbali kwanza na kusogezwa kidogo kidogo. Wote wawili wakila karibu na mlango bila kufoka kwa siku kadhaa, fungua mwanya mdogo wakati wa chakula tu, ufunge kabla hawajamaliza. Mwishoni mwa kila siku mchezeshe Kunguru kwa kamba yenye manyoya kwa dakika 10 au 15, umwache akamate, kisha umpe chakula hapohapo. Na iwe saa ileile ambayo yule wa ukutani huwa anakuja.