Naomba ushauri: kuosha kuku bila kurusha vijidudu jikoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jiko letu la kuku wa kupaka hapa Lamu ni dogo. Bomba la kuoshea limepakana na meza ya kachumbari. Vijidudu vya kampilobakta na salmonela huishi matumboni mwa kuku hata akiwa mzima wa afya, na huipakaa nyama matumbo yanapotolewa. Nyama yenyewe hainipi shaka, maana joto la nyuzi 74 hadi ndani karibu na mfupa huviua. Shaka yangu ni matone yanayoruka bomba likifunguliwa: kampilobakta mia chache tu zatosha kumwendesha mtu, na kachumbari haipiti motoni.

Tumetenga kisu na ubao, na brashi iliyogusa kuku mbichi hairudi kwa aliyeiva. Ndimu na siki ni za harufu tu, si dawa. Lakini wapishi hawataki kusikia habari ya kuku asiyeoshwa (nami siwalaumu, damu na manyoya yabaki wapi?).

Je, kumzamisha taratibu kwenye ndoo badala ya bomba kunapunguza matone vya kutosha? Na baadaye ndoo hiyo mwaitilia jiki (dawa ya klorini) kiasi gani kwa lita ya maji, na muda gani?